Mgeni Aliyekosea Mlango

Kijana anapokwenda kusoma ughaibuni, sisi wakubwa humpa mausia mengi: asome kwa bidii, aheshimu wenyeji, asisahau kwao. Mara chache tunamweleza hatari za huko aendako na namna ya kuzitambua. Kisa cha Yoshihiro Hattori kinatukumbusha umuhimu wa jambo hilo.

Yoshihiro alikuwa mzaliwa wa Nagoya, Japani. Mwaka 1992, akiwa na miaka 16, alikwenda Marekani kwa mpango wa AFS wa kubadilishana wanafunzi, akapokewa na familia moja ya Baton Rouge, Louisiana. Alikuwa mchangamfu, mpenda dansi, ila Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga.

Jioni ya Oktoba 17, yeye na kijana wa familia hiyo walikwenda kwenye sherehe ya sikukuu ya Halloween. Walikosea nyumba. Namba zilikaribia kufanana, na nyumba ile nayo ilikuwa imepambwa kisikukuu. Wakabonyeza kengele.

Mwanamke akafungua mlango wa pembeni, akawaona, akashtuka na kuubamiza. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya hatari. Vijana wakageuka kurudi kwenye gari. Mara mlango ukafunguliwa tena, akatokea mume wake na bastola, akaamuru Yoshihiro asimame. Mwenzake aliiona silaha, akapaza sauti kumwonya. Huenda Yoshihiro hakuielewa amri ile. Alisogea, akieleza kwamba wamekuja kwenye sherehe. Risasi moja ikampiga kifuani, akafariki.

Simlaumu mtoto huyu. Mwenye nyumba naye alikuwa na dalili za kutosha kwamba hawakuja kwa ubaya: vijana walibonyeza kengele, na walikuwa wameshaanza kuondoka. Hofu ilimzuia kuuliza swali moja tu. Mei 1993 mahakama ya jinai ilimwachia huru. Mwaka uliofuata mahakama ya madai ikaamuru wazazi walipwe zaidi ya dola 650,000. Wazazi hao walikusanya saini zaidi ya milioni moja nchini Japani za kuiomba Marekani idhibiti bunduki, wakaonana na Rais Clinton. Mtoto wao hakurudi.

Nami nikijiweka mahali pa Yoshihiro, naona ningeweza kufanya vilevile. Kwetu anayekosea nyumba huonyeshwa njia, pengine akakaribishwa maji. Tumelelewa kumsogelea mtu tunapomweleza jambo, tukiamini uso wa upole unatosha. Penye bunduki mkononi mwa mtu mwenye hofu, hautoshi.

Vijana wetu wa Kenya na Tanzania nao wamewahi kwenda Marekani kwa mpango wa YES wa kubadilishana wanafunzi, wakiwa na umri kama wake. Tuwafundishe mapema. Mlango ukifungwa kwa woga, ondoka. Mtu akikupigia kelele usizozielewa, simama ulipo na uonyeshe mikono mitupu. Mwenzako mwenyeji akikuonya, mtii kwanza, maelezo yafuate baadaye. Hakikisha anwani kabla ya kubisha, na ukiwa na shaka piga simu.

Nanyi mnaopokea watoto wa wenzenu, msiishie kuwaonyesha chumba na ratiba ya shule. Waelezeni waziwazi yale yanayoogopwa mtaani kwenu, na mhakikishe wameelewa. Mzazi, mweleze mwanao haya leo, kabla hajapanda ndege.