Mali Iliyo Mkononi mwa Wakili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu Muislamu, swali letu ni hili: mtu akimkabidhi mwenziwe mali ili amzalishie, naye akaizalisha kwa njia ya haramu, ni nani atakayeulizwa?

Swali hili limefika hata huku Rungwe. Zamani mkulima wa chai wa Katumba au Mwakaleli, akipata ziada, alinunua ng'ombe au aliongeza migomba. Leo aweza kukaa Tukuyu, na kwa simu yake akanunua vipande katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Serikali iliunda shirika la UTT mwaka 2003, Mfuko wa Umoja ukafunguliwa mwaka 2005, na tangu mwaka 2013 mifuko hiyo iko chini ya UTT AMIS. Fedha za watu wengi hukusanywa, mameneja wakazitia katika hisa za makampuni, hati fungani za serikali na amana za mabenki. Kila mmoja hupata au hukosa kwa kadiri ya vipande vyake.

Katika asili ya jambo hili hapana ubaya. Bibi Khadija alimpa Mtume wetu, kabla hajapewa utume, mali aende nayo Sham kufanya biashara. Alimchagua kwa uaminifu wake uliojulikana Makka nzima. Na juu ya hayo alimtuma pamoja naye mtumishi wake Maisara, ambaye aliporudi alimweleza bibi yake aliyoyaona. Basi ikiwa Al-Amin hakuona uzito kufuatana na shahidi, ni meneja gani wa leo awezaye kuchukia kuulizwa?

Wako wasemao: "Mimi nimetoa fedha tu, wanunuacho ni juu yao." Neno hili halisimami. Katika fikihi, tendo la wakili katika jambo alilowakilishwa ni tendo la aliyemwakilisha. Ukimtuma mtu sokoni akununulie mbuzi, mbuzi ni wako. Itakuwaje faida iwe yako, na njia iliyoileta isiwe yako? Hati fungani ni mkopo ambao malipo ya ziada yake yamekwisha kupangwa, na amana ya muda ya benki ni ndugu yake. Mfuko wa Hati Fungani, uliofunguliwa mwaka 2019, jina lake lakutosha. Awekaye humo akiba ya kwenda kuhiji na ajiulize atavaa ihramu kwa fedha gani.

Wala tusimdhulumu meneja. Mifuko hii huwa na waraka uelezao fedha zitatiwa wapi. Asiyeusoma hana hoja juu ya mwenziwe. Soko likishuka naye hakufanya hiana wala uzembe, hasara ni ya wenye mali, kama ilivyo katika mudharaba. Ujira wake ndio ulio mbali na mudharaba: mdharibu hula fungu la faida, na pasipo faida hapati kitu, meneja hukata ujira wake katika mali yote, faida iwepo isiwepo. Huu ni ujira wa wakili, nao wajuzu ukijulikana kiasi chake. Ukifichwa, ni hiana.

Atasema mtu: "Fedha ikilala sandukuni huliwa na kupanda kwa bei, tufanyeje?" Ni kweli, na maskini ana haki ya kuilinda jasho lake. Lakini haja si dharura. Iko biashara ya hisa za makampuni yenye kazi ya halali, uko ushirika wa shamba na mifugo, na imezuka mifuko ijitangazayo kufuata sheria ya Kiislamu. Hiyo nayo isomwe waraka wake, kwani jina halihalalishi kitu. Ama aliyekwisha kuingia katika riba pasipo kujua, aya ya 279 ya Suratul Baqara yamwachia atubuye rasilmali yake. Na atoe, na ile ziada awape mafakiri.

Kukabidhi mali si kukabidhi hesabu ya akhera. Siku hiyo meneja ataulizwa amana yake, nawe utaulizwa uliichuma wapi mali yako. Na jibu la "sikuuliza" si jibu.

Wallahu aalam.