Likishi: Tafsiri na Siri

Tulipokuwa tukifafanua neno "makishi" la Zambia, tuliandika ubaoni: "wavaa vinyago". Maana ni sahihi. Lakini je, ni ya haki?

Ngeli yake yatukumbusha jina na majina: likishi mmoja, makishi wengi. Mzizi wake una undugu na "nkisi" wa Kikongo, neno lihusulo nguvu za mizimu. Kwa Waluvale, Wachokwe, Waluchazi na Wambunda, likishi ni mhenga aliyerudi kuwaongoza wavulana katika jando la mukanda. Mupala ndiye bwana wa jando. Pwevo ni mwanamke mwema, ingawa amchezaye ni mwanamume. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza ngoma hii kuwa urithi wa wanadamu.

Mvulana ahitimupo amekwisha kujua kuwa ndani yumo mtu, naye hufunga kinywa. Je, huo ni uongo? Twaona sivyo. Mwongo hutafuta faida yake. Mwenye siri hutunza heshima ya wahenga, na hufundisha kwamba elimu nyingine hutolewa kwa wakati wake. Hata hivyo tusijidanganye: siri hiyo huwaacha nje akina mama, na swali hilo la haki heshima peke yake hailijibu.

Basi sisi wafasiri tufanyeje? Tusimvue likishi mbele ya wageni kwa maneno mawili. Tuliache neno lenyewe, kisha tueleze: mhenga ajitokezaye katika kinyago. Kamusi ina wajibu wa kusema kweli. Ina wajibu pia wa kuonyesha kweli hiyo ni ya nani.