Mwenye Kucheza na Hatari

Kijana wa Gatwekera hana bahari. Mombasa iko mbali naye kadiri ya kilomita 480, na hata huko mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi makubwa kabla hayajafika pwani. Lakini reli anayo. Njia iliyofika Nairobi mwaka 1899 hupita Kibera, na mara nyingi watu wameonekana wakisafiri juu ya mapaa ya mabehewa. Wengine ni wafanyakazi waliokosa nafasi ndani. Hao siwalaumu, maana wamepandishwa na haja. Nasema juu ya yule apandaye kwa raha, akasimama wima gari likienda, rafiki zake wakimshangilia.

Kijana huyu ana wenziwe ng'ambo. Huko Nazaré, Ureno, mabingwa husimama juu ya ubao na kuteremka na mawimbi. Mwaka 2020 Sebastian Steudtner, Mjerumani, aliteremka na wimbi la kimo cha mita 26.21, refu kuliko nyumba ya ghorofa saba. Wakiulizwa kama huo ni ushujaa au wazimu, wengi hujibu kuwa roho ni yake mwenyewe, na mwenye mali hakatazwi kuitumia.

Jibu hilo halinitoshi. Mwaka 2013 Maya Gabeira wa Brazili aliangushwa na wimbi hapo hapo Nazaré, akavunjika mguu, akazimia majini. Mwenzake, Carlos Burle, alimfuata katika povu lile lile akamfikisha ufukoni. Basi roho zilizowekwa rehani siku ile zilikuwa mbili.

Hata hivyo, wawili hao walikuwa wamepatana. Kila mmoja aliijua kazi yake, na alikuwa amejizoeza miaka mingi. Kijana wa juu ya behewa amepatana na nani? Akiteleza, atakayemkimbilia ni mama auzaye mboga kando ya reli, ambaye hakuulizwa. Na deni la hospitali litalipwa na mzazi, ambaye naye hakuulizwa.

Mchezo wenyewe siutupi. Eddie Aikau wa Hawaii alikuwa bingwa wa mawimbi na mwokoaji katika ghuba ya Waimea. Mwaka 1978 chombo cha Hōkūleʻa kilipinduka baharini naye akiwamo. Alipanda ubao wake, akaelekea nchi kavu kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana tena.