Dhahabu ya Nyamongo na Mahindi ya Sirari

Katika Wilaya ya Tarime utajiri una sura mbili. Huko Nyamongo dhahabu huchimbwa katika mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2002, nayo huuzwa ng'ambo. Huku Sirari mahindi huvuka mpaka kwenda Kenya, na bidhaa za viwandani huja kwetu. Yatupasa kuuliza: mapatano ya biashara baina ya majirani humnufaisha nani?

Wengi hudhani ni mwenye madini. Sivyo ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, Tanzania ilikuwa na almasi ya Mwadui. Walakini Kenya, isiyo na madini mengi, ndiyo iliyokuwa na viwanda, nayo iliwauzia jirani zake kuliko ilivyonunua kwao. Kwa hiyo mapatano ya Kampala yaliwaruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi ya pekee bidhaa za mwenzao, ili viwanda vyao vichanga vikue. Haikutosha. Manung'uniko yaliendelea, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika (ugomvi na Idi Amin nao haukuwa jambo dogo).

Mwaka uo huo wa 1967 Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio, alifundisha ya kuwa uhuru wa biashara peke yake hauleti haki pale wapatanao wanapozidiana mno kwa nguvu. Umoja wa Forodha ulioanza mwaka 2005 uliliangalia jambo hilo: bidhaa zetu ziliingia Kenya bila ushuru, na baadhi ya bidhaa za Kenya zilitozwa ushuru uliopungua mwaka kwa mwaka hata 2010. Twaisifu busara hiyo.

Lakini mnyonge si nchi tu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ikayaruhusu tena kwa masharti baada ya siku chache. Mwenye ghala aliweza kungoja. Mama mwenye magunia matatu angewezaje? Mama huyo, ikiwa bidhaa zake zimo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, anayo haki ya kupewa mpakani cheti chepesi cha asili ya bidhaa, asitozwe ushuru wa forodha. Asiyeijua haki hiyo huvuka usiku kwa njia za panya, akawa mateka wa dalali.

Twawaomba WAWATA wa Tarime na Serengeti wamwalike afisa wa forodha parokiani, awaonyeshe cheti hicho na kuwasomea orodha yote, kwa Kiswahili chepesi.