Ujira wa Kumtosha Mtu na Watu Wake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zetu Waislamu! Wapo wasemao: "Nimepatana naye kwa ridhaa yake; basi sidaiwi." Nasi twawauliza: mwenye njaa akikubali kidogo kwa kukosa pengine pa kwenda, hiyo ni ridhaa au ni dhiki?

Mji wetu wa Mombasa waijua habari hii. Januari 1947 wafanya kazi wa bandari, wa reli na wengineo waligoma, kwani ujira haukutosha chakula wala kodi ya nyumba. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni, iliyoongozwa na Carpenter, ilieleza kuwa kima cha chini cha mshahara kilikadiriwa kwa haja za mwanamume aliye peke yake. Ikashauri kikadiriwe kwa haja za mtu na jamaa zake.

Kipimo hicho Waislamu walikuwa nacho tangu zamani. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) alimruhusu mwenye kushika kazi ya umma, ikiwa hana mke apate mke, na ikiwa hana makazi apate makazi. Na Sayyidna Abu Bakr alipokuwa Khalifa akaacha biashara yake, alikadiriwa katika Baitul-mali posho ya kumtosha yeye na watu wake. Basi ujira hupimwa kwa nyumba, haupimwi kwa tumbo moja.

Sasa natutazame kwetu: mtumishi apikaye na kufua tangu alfajiri, hamali, na zaidi mwalimu wa chuo awasomeshaye watoto wetu Kurani. Huyu huambiwa malipo yake yako kwa Mungu. Lakini mwenye duka hampi unga kwa malipo hayo! Thawabu ni ya Mungu kutoa. Ujira ni juu yetu. Wala sadaka ya Ramadhani si badala ya haki iliyozuiwa mwaka mzima.

Katika Hadithi iliyomo katika Bukhari, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa Siku ya Kiyama atakuwa hasimu wa aliyeajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake.

Basi kila mwenye kuajiri na akae leo ahesabu unga, kodi, karo na dawa. Mshahara ukipungua, auongeze; asipoweza, apunguze saa za kazi, mwenziwe apate kutafuta pengine.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza haki za watu kabla hatujadaiwa mbele Yake. Amin.