Huruma ya Kiongozi na Tambarare ya Basotu

Huruma ya kiongozi ni uwezo wa kuguswa na maisha ya anaowaongoza mpaka uamuzi wake ubadilike. Uzito uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Kuguswa tu si jambo la ajabu. Mgombea anayelia msibani huenda analia kweli, na hakuna sababu ya kumshuku. Swali gumu huja baada ya machozi: je, kuguswa huko kunaweza kuvuka ujirani na kuwafikia watu ambao kiongozi hajawahi kukaa nao? Na je, kura inaweza kumtambua kiongozi mwenye uwezo huo?

Dini zimeligusa swali hili kupitia jirani. Katika Injili ya Luka, mwanasheria anauliza jirani yake ni nani, anajibiwa kwa kisa cha Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, anayesimama njiani wakati watu wa dini wamepita. Sura ya 107 ya Kurani inawakemea wanaosali huku wakiwanyima wenzao vitu vidogo vya kusaidiana. Wairaqw wa Mbulu na Hanang, nchini Tanzania, walimjua mungu Looaa, mwenye kuhusishwa na jua na rehema, na katika mikusanyiko yao wazee hutamka slufay, sala ndefu ya kuwaombea baraka watu wote, mifugo na mvua.

Wabarabaig, walio tawi la Wadatoga, waliongeza kitu ambacho sala peke yake haina. Mwanamume aliyewakosea wanawake kwa namna iliyokatazwa na mila angeweza kuitwa na baraza la wanawake wenyewe, likasikiliza, likahukumu na kumtoza dume jeusi la ng'ombe. Hakuna aliyengoja moyo wa mzee ulainike. Aliyeumizwa alikuwa na kikao chake, na kikao kilikuwa na meno.

Wanafalsafa wa mbali wanasaidia kueleza kwa nini meno hayo yanahitajika. David Hume, Mskoti wa karne ya 18, aliona kwamba mtu huwahurumia zaidi walio karibu naye na wanaofanana naye, na hisia hiyo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Paul Bloom aliandika kitabu kizima kupinga kuitegemea huruma ya namna hii katika maamuzi ya umma. Hoja yake ni kwamba inamulika mahali padogo kama tochi na kuacha pengine gizani.

Hanang imeyaona yote mawili, mwanga na giza. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliteremka kutoka Mlima Hanang yakapiga Gendabi, mji wa Katesh na maeneo jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi. Alikatisha safari akarudi na kuwafikia waathirika siku chache baadaye. Msiba wa ghafla, wenye picha na majina, huwaamsha viongozi upesi. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Magharibi ya mlima huohuo, kwenye tambarare ya Basotu, kulikuwa na msiba wa aina nyingine, uliokwenda taratibu kwa zaidi ya miaka 20. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali, na baadaye Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano ambayo mwishowe yalifikia saba na kuchukua ekari zipatazo 100,000. Ardhi hiyo ndiyo Wabarabaig waliyoiita muhajega, malisho bora kuliko yote katika mzunguko wao wa kuhamisha ng'ombe kwa majira. Aliyefika wakati mifugo iko upande mwingine aliona nyasi tupu. Kumbe utupu huo ulikuwa mapumziko ya malisho, sehemu ya hesabu ya mfugaji. Mji ulihitaji mkate, na waliopanga mradi hawakuwa watu wakatili. Hilo ndilo linalofanya kisa hiki kistahili kufikiriwa, kwa kuwa ukatili ungekuwa na maelezo mepesi.

Trekta hazikulima nyasi peke yake. Mzee wa Kibarabaig aliyeheshimika huzikwa kwa bung'eda, mazishi yanayochukua miezi. Koo hukusanyika, pombe ya asali hutengenezwa, na udongo hurundikwa juu ya kaburi mpaka kichuguu kipite kimo cha mtu. Wajukuu hurudi hapo kuomba. Kwa dereva wa trekta kile kilikuwa kichuguu katikati ya shamba. Makaburi kadhaa yalisawazishwa, na malalamiko juu yake yaliendelea kwa miaka mingi.

Wanakijiji wa Mulbadaw, kwenye tambarare hiyo, walikwenda mahakamani kuishtaki NAFCO. Mahakama Kuu iliwapa haki. NAFCO ikakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu. Moja ya sababu zake ni kwamba wadai hawakuwa wamethibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi ya mkoloni ya mwaka 1923. Mtu ambaye ng'ombe wa babu yake walilishwa pale alitakiwa athibitishe kwanza kwamba yeye ni yeye. Mwaka 1987 serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika sehemu ya ardhi hiyo. Baadaye tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza malalamiko ya ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo. Serikali ilipojitoa kwenye kilimo hicho, mashamba mengine yalikwenda kwa wawekezaji na mengine yakarudishwa kwa wananchi.

Katika muda wote huo Hanang ilikuwa na wabunge, na uchaguzi ulifanyika kila miaka mitano. Mbunge wake kwa miaka mingi, Frederick Sumaye, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1995 hadi 2005. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba eneo halikuwa na mtu mkubwa wa nyumbani. Kuwa na mtoto wa nyumbani serikalini na kuwa na pa kusemea ni mambo mawili, na kampeni huyachanganya kwa makusudi.

Kampeni ina huruma yake. Mgombea hula ugali nyumbani kwa mama mjane, huchangia mabati ya zahanati, husimamisha gari palipo na msiba. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa inakiuka Katiba, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikafuata. Hoja ya usawa mbele ya sheria ilitosha mahakamani, lakini kuna nyingine. Jirani akikuletea kibaba cha unga, kesho naye atahitaji chumvi kwako, na kupokea kwake kunakupa haki ya kumsema akikosea. Mgombea hahitaji chumvi. Anachonunua ni ukimya wa miaka mitano.

Historia ya Mbulu ina mfano wa wapiga kura waliokataa kukaa kimya. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya viti vyote havikuwa na mpinzani. Kiti kimoja kilichokikosa kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama kama mgombea huru na kushinda, kisha akaungana na wenzake wa TANU bungeni. Sera hazikuwa na tofauti ya kutajika. Watu walitaka kuchagua wenyewe nani awasemee, na nafasi ya kufanya hivyo ilikuwepo. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama tawala, CCM, kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, huku vyama vya upinzani vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Palipo na jina moja kwenye karatasi, huruma ya mgombea haina kipimo. Inabaki hisani yake.

Kuna pingamizi la haki hapa. Kiongozi anayewasikia sana majirani zake anaweza kuwaumiza majirani wengine. Basotu ina Wairaqw wanaolima na kufuga, Wabarabaig ambao mifugo ndiyo uhai wao, Wanyiramba, Wanyaturu na wavuvi wa Ziwa Basotu. Mwenyekiti wa kijiji akiwahurumia wenye mahindi yaliyokanyagwa, anaelekea kuwafunga njia wenye ng'ombe wenye kiu, na wakulima, kwa kukaa mahali pamoja, ni wepesi zaidi kuhesabika siku ya kura. Kuongeza huruma hakutatui hilo. Kinachosaidia ni utaratibu unaomlazimisha kiongozi kumsikia asiyemhurumia.

Utaratibu huo upo kwa sehemu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, lakini ugawaji unahitaji idhini ya mkutano mkuu, ambao ni wa kila mkazi mtu mzima. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kifungu hicho kina undugu wa karibu na lile baraza la wanawake wa Kibarabaig, ingawa walioandika sheria huenda hawakulifikiria.

Upungufu uko kwenye kalenda. Mkutano mkuu hupitisha mambo kwa kura za waliohudhuria, na kiangazi sehemu ya wafugaji, hasa vijana, wako mbali wakichunga ng'ombe. Pendekezo la kulima kipande cha malisho likiletwa Septemba linapita bila mtu kuvunja kanuni yoyote, na mwenye malisho hulikuta limeandikwa kwenye muhtasari anaporudi na mvua.