Mgeni na Sahani ya Mwenyeji

Mtu afikaye Unguja jioni haulizi njia ya Forodhani. Moshi wa mishikaki humwita kabla hajaiona bustani yenyewe, iliyo pwani mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020. Jina la mahali hapo ni kumbukumbu ya ushuru wa bidhaa uliokuwa ukitozwa bandarini, na wenye mzaha husema kuwa ushuru ungali ukitozwa, ila siku hizi unatozwa juu ya pweza.

Mgeni ajionaye mwerevu hazitazami meza hizo mara mbili. Huona kuwa vyakula vile vimepangwa kwa ajili yake, kwa hiyo si vya kweli, naye huingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe akiuliza, "Wenyeji wanakula wapi?" Swali hili lina sura ya unyenyekevu, walakini ndani yake mna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la elimu. Wenyeji aghalabu hula nyumbani kwao. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki ulio bora hauuzwi, maana umepikwa kwa watu wanaojulikana majina. Mwezi wa Ramadhani hulidhihirisha jambo hili: mchana migahawa mingi hufungwa, na magharibi ikiadhiniwa njia huwa kimya, kila jamaa wamekizunguka chakula chao cha futari. Kwa hiyo atafutaye mgahawa wa kweli anatafuta kilicho cha pili, hata kikiwa kitamu namna gani. Tena Forodhani yenyewe huendewa na watu wa mji pamoja na watoto wao. Ile iitwayo pizza ya Zanzibar, inayodharauliwa kwa jina lake la kuazima, ni unga uliotandazwa mwembamba, ukatiwa kima, yai na kitunguu, ukakunjwa na kukaangwa. Ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa. Jina la ugenini halikuufanya unga ule kuwa mgeni.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa ni la haki. Na ichukuliwe kuwa mgeni amefaulu. Amekipata kibanda cha urojo, mama mwenyewe akiteka mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi, akitia viazi, bajia, kachori, na vipande vya muhogo uliokaangwa juu yake. Kwenye benchi ameketi seremala, aliyetoka kazini kwa nusu saa. Mgeni akala, akafurahi, akawaambia wenziwe. Nao wakawaambia wengine. Baada ya miezi michache benchi limejaa, bei imepanda, na seremala amesimama nje akiitazama nusu saa yake ikiisha.

Nani aliyemdhulumu? Si mama, kwa maana hakuna awezaye kumwamuru abaki maskini ili wageni waendelee kumwona wa kweli. Akipandisha bei kwa wote, au akimtoza mgeni zaidi huku akimtajia bei kabla hajala, hakumdanganya mtu. Mgeni naye hakukusudia ubaya. Illa imesemwa tangu zamani, mgeni njoo mwenyeji apone. Na maneno hayo yalikuwa kweli nyumbani, ambako kuja kwa mgeni kulimchinjisha kuku na watoto wakapata paja. Kibandani chungu kimepimwa. Bakuli apewalo mgeni huenda ndilo alilokuwa akilingoja mwenyeji.

Wako wasemao kuwa dawa ni kunyamaza: akionaye kibanda kizuri akifiche. Hiyo nayo ni choyo iliyovaa kanzu ya wema, kwa kuwa mwenye kuficha hamhifadhii seremala benchi lake, bali anajihifadhia mwenyewe fahari ya kuwa mgeni wa pekee. Na mama aliyekopa fedha za mafuta na unga hakuomba kufichwa.

Lipo jambo dogo kuliko hilo, nalo ni gumu. Ni mgeni kuketi kama alaji wengine wanavyoketi: asubiri zamu yake, alipe alilotajiwa, asiwaelekezee kamera watu wenye tonge mdomoni, na saa ya wafanyakazi ikifika, ainuke hata kama hajamaliza mazungumzo yake. Adabu hiyo haimrudishi seremala mahali pake kwa hakika, kwa maana bei ikishapanda haishuki kwa adabu. Ndiyo maana katika vibanda vingine mwenye kuuza hutenga bakuli kando, akalifunika kwa sahani. Na mgeni akiuliza la nani, huambiwa kuwa lina mwenyewe, anakuja.